Kulima ndani ya simu: mavuno ni ngapi?



Mwezi wa 9 mwaka 2024 tulikuja Iga Barrière kwa mkutano juu ya ugonjwa wa mozaiki wa mihogo. Tulikuwa tumeshika majani yenye madoa ya njano, tunaeleza namna ya kuchagua miti safi ya kupanda, wakati kijana mmoja wa nyuma alinyoosha mkono. Tukafikiri anauliza juu ya mihogo. Akasema: "Agronome, ya mihogo tumesikia. Lakini ile hamster ya ndani ya telefone, ya kubonyeza-bonyeza, italipa kweli tarehe 26?"

Watu walicheka. Lakini tuliona pia simu zaidi ya kumi zikitoka mfukoni, na si za vijana peke yao. Mama mmoja mwenye shamba la vitunguu alituonyesha kwamba yeye pia anabonyeza, usiku, watoto wakiisha kulala.

Siku hiyo hatukuwa na jibu. Shule ya agronomia haikutufundisha hamster. Tuliahidi kwamba tutafanya utafiti kidogo na kurudisha jibu. Jibu lilichelewa, na katikati ya kuchelewa huko koperative moja ya milima ya karibu ilipoteza pesa ya mbegu. Tutafika huko. Kwanza tumalize habari ya hamster.

Ule mchezo unaitwa Hamster Kombat. Ulianza mwaka 2024 ndani ya Telegram: unabonyeza picha ya panya, unapata pointi, na pointi zinahesabiwa kama feza ya kesho. Wenye mchezo walitangaza kwamba watu zaidi ya milioni 300 duniani wameingia. Tarehe 26 mwezi wa 9 tokeni ziligawanywa kweli, kwa hiyo kijana wetu hakudanganywa juu ya tarehe. Lakini bei ilianza karibu senti moja ya dola kwa tokeni moja, kiisha ikashuka. Watu wa nchi nyingi walilalamika kwamba wamebonyeza miezi na miezi, na wamebaki na dola chache tu. Na hizo chache, mtu wa Iga anazigeuza kuwa franka namna gani? Anatafuta mtu wa Bunia mwenye akaunti ya kubadilisha tokeni, anamtumia kwa kumwamini tu, na huyo anakata yake.

Wengine waliniuliza, samahani, walituuliza juu ya Pi. Ile ilianza tarehe 14 mwezi wa 3 mwaka 2019. Soko la nje lilifunguliwa tarehe 20 mwezi wa 2 mwaka 2025. Mtu aliyeanza siku ya kwanza alibonyeza karibu miaka 6 mbele ya kuweza kuuza kitu. Kwa miaka 6 mti wa kahawa umekwisha kuzaa mara tatu.

Basi tuliamua kufanya kama tunavyofanya kwa mbegu mpya. Mtu akituletea mbegu na kusema "hii inazaa sana", hatubishani naye. Tunapanda kipande kidogo, tunaandika kila kitu kwenye daftari, tunapima mavuno. Mwezi wa 10 tulichukua simu mbili, tukalima ndani yake siku 28.

Simu ya kwanza tuliiwekea mchezo wa kubonyeza. Saa moja na nusu kila siku, kwa hiyo saa 42 kwa jumla. Mega zilikula franka 500 kwa siku. Betri iliisha haraka, tukalipa kuchaji mara moja zaidi kila siku, franka 500 tena. Kwa siku 28 hiyo ni franka 28.000. Mavuno: pointi milioni na kitu, franka sifuri.

Simu ya pili tuliiwekea programu ya kazi ndogo-ndogo: kutazama matangazo, kujibu maswali ya "unapenda sabuni gani". Saa moja kwa siku. Mega franka 400 kwa siku, kuchaji kila siku ya pili. Jumla franka 18.200. Mwisho wa siku 28 skrini ilituonyesha dola 1 na senti 90. Tukafurahi kidogo, tukabonyeza fasi ya kutoa. Ikajibu: kutoa kunaanza dola 5. Maswali nayo yalikuwa yamepungua. Wiki ya mwisho tulikuwa tunafungua programu asubuhi na kukuta hakuna kazi ya watu wa Kongo. Kama mwendo ungebaki ule wa wiki za mbele, tungefika dola 5 baada ya miezi karibu miwili na nusu, na tungekuwa tumeisha kutumia karibu dola 17 ya mega na ya kuchaji.

Simu mbili pamoja: franka 46.200 zilitoka mfukoni, saa 70 za kazi, na hakuna hata franka moja iliyoingia. Saa 70 ni siku 14 za kupalilia kama unapalilia saa tano kwa siku. Wakati ule mtu wa kibarua alilipwa kwetu franka 3.000 kwa siku. Hesabu mwenyewe.

Mtu anaweza kusema hatukuchagua programu nzuri. Inawezekana. Kazi za kweli za simu na kompyuta ziko, na kuna watu wanaozila. Kenya, maelfu ya vijana walilipwa kwa kuandika majina ya vitu juu ya picha, gari hapa, mti pale, ili mashine ijifunze kuona. Kazi ilikuwa ya kweli na malipo yalikuja. Lakini mwezi wa 3 mwaka 2024 moja ya programu hizo, Remotasks, iliwafungia Wakenya mlango, na watu walioishi kwa hiyo walijikuta asubuhi hawawezi hata kuingia. Na hiyo ni kazi inayotaka kompyuta, umeme na intaneti ya nguvu. Simu ndogo ya skrini iliyopasuka, inayochajiwa kwa paneli ya jirani, haifiki pale.

Hata huku mashariki mwa Kongo kulikuwa mfano mmoja mzuri. Mwaka 2014 PAM ilianza kuuliza wakimbizi wa kambi ya Mugunga III, karibu na Goma, kwa njia ya simu: mmekula mara ngapi, unga ni bei gani sokoni. Waliojibu walipewa yunite kidogo. Haikumtajirisha mtu. Lakini angalieni pesa ilitembea upande gani: aliyehitaji jibu ndiye aliyelipa, na mjibuji hakuombwa atoe hata franka moja.

Sasa tuje kwa aina ya tatu, ile inayogeuza upande wa pesa. Hapa hatucheki tena.

Mwanzoni mwa mwaka 2025, mtunza feza wa koperative moja ya maharage aliingizwa na rafiki katika grupu ya WhatsApp. Ametukubalia tuandike habari yake bila jina, na tunamshukuru, juu si kila mtu angekubali. Kazi ilikuwa kubonyeza "napenda" chini ya video 10 kila siku. Dakika kumi tu. Lakini ili kupewa kazi ulipaswa kwanza kuweka dola 20. Aliweka zake mwenyewe. Baada ya siku 10 alitoa dola 6, na dola 6 zilikuja kweli katika simu yake. Alituambia: "Ningepata hasara siku ya kwanza, ningetoka. Ile dola sita njo iliniua."

Katika grupu watu walikuwa wanatuma picha za pesa walizotoa. Mwenye grupu, aliyejiita meneja, alikuwa anaandika "baba" na "mama" kwa heshima, anaulizia hata habari za watoto. Akasema kuna ngazi ya pili ya dola 100, na ya tatu ya dola 300, ambako kazi inalipa mara nyingi zaidi. Na ukiingiza watu watatu, unapata juu ya kila mmoja.

Koperative ilikuwa na dola 310 katika simu yake. Ilikuwa pesa ya mbegu za mvua za mwezi wa 3: wamemba 31, dola 10 kila mmoja, kilo 5 za mbegu bora kwa dola 2 kilo. Zingekaa pale wiki sita tu kungoja mbegu zifike. Mtunza feza aliwaza hivi, na tunaandika mawazo yake kama alivyotupa: pesa inalala bure, nitaiazima siku 20, nitarudisha 310, faida nitanunulia koperative bomba la kunyunyizia dawa. Hakuwa mwizi. Alitaka kuwashangaza wenzake.

Siku ya 12 skrini ilionyesha dola 480. Alipobonyeza kutoa, programu ikasema mashine inatengenezwa. Siku iliyofuata meneja aliandika kwamba serikali inadai kodi ya asilimia 10, alipe dola 48 kwanza, kiisha atapata zote. Aliazima dola 48 kwa mdogo wake anayechimba zahabu. Akatuma. Usiku ule grupu ilifungwa, na programu haikufunguka tena.

Tunataka muelewe vizuri zile dola 6 zilitoka wapi. Hakuna kiwanda kinacholipa mtu wa Djugu kwa kubonyeza "napenda". Dola 6 zilikuwa za mtu aliyeingia nyuma yake, na dola 310 zake zililipa wale wa mbele kidogo, na zilizobaki ziliondoka na meneja. Video ni pazia. Wakubwa wetu waliokuwa na masikio mwaka 1991 wanakumbuka Bindo ya Kinshasa: watu walipanga mstari kuweka pesa izidishwe, wa kwanza wakalipwa kweli, habari ikaenea, kiisha yote ikaanguka na waliofika nyuma wakabaki wanalia. Wakati ule watu wa kawaida hawakuwa na simu ya mkononi, lakini kazi ilikuwa ileile. Kenya, mwaka 2021, programu iliyojiita Amazon Web Worker ilikuwa inagawa kazi ndogo-ndogo kwa waliolipa kiingilio, ikapotea na pesa zao. Na ile Amazon kubwa ya Marekani hawakuwa na uhusiano nayo. Tanzania, mwanzoni mwa mwaka 2025, polisi waliwakamata watu wa kitu kilichoitwa LBL, ambako wanachama walitoa pesa ili kulipwa kwa kutazama matangazo ya filamu. Jina linabadilika, nchi inabadilika.

Kwa hiyo mtu asituambie kwamba aliyeanguka ni mjinga. Mtunza feza wetu amesoma hadi kidato cha sita, daftari lake ni safi kuliko la kwetu.

Turudi kwa mbegu. Kilo 155 zingepandwa karibu hekta 2. Tukihesabu mavuno madogo ya kilo 800 kwa hekta, hiyo ni kilo 1.600 za maharage. Hatusemi zote zilipotea, juu wamemba hawakukaa na mikono mitupu: walipanda maharage ya jikoni, mengine yenye mashimo ya wadudu. Yaliota vibaya, na wengi walipanda wiki mbili nyuma ya mvua. Tulipita pale mwezi wa 5. Mashamba yalikuwa na mapengo kama meno ya mzee.

Katika mkutano wa kuongea juu ya hasara ile, kijana mmoja alisimama akatuambia maneno ambayo bado tunayawaza: "Nyinyi muko na mshahara. Sisi tulikimbia 2018, tukarudi, ng'ombe hakuna. Ninashuka ndani ya shimo la zahabu na ninajua linaweza kunifunika. Telefone hainifuniki. Hata ikinidanganya, ninalala nyumbani." Hatukumjibu haraka. Ana haki ya kutafuta franka pahali pasipo na udongo wa kumwangukia. Kama mtu anabonyeza hamster jioni ili kupumzisha kichwa, acheze, ni mchezo. Tunaomba tu aandike mega kwenye matumizi, si kwenye mapato, na asipeleke pale saa za kupalilia.

Na tukamwonyesha jambo moja la simu yake ambalo lilikuwa limeisha kulipa. Wiki mbili mbele, yeye mwenyewe alimpigia dada yake wa Bunia kuuliza bei ya maharage sokoni, mbele ya kumkubalia mnunuzi aliyekuja na pikipiki. Mnunuzi aliongeza franka 200 kwa kilo. Kwa gunia la kilo 100 hiyo ni franka 20.000, kwa mwito wa dakika mbili. Alicheka, akasema hakuwa amehesabu ile kama kazi.

Kuna kitu kimoja bado, na kwetu ni kikubwa kuliko hamster yote. Tuliuliza: ilikuwaje mtu mmoja aweze kutoa dola 310 za watu 31?

Zamani koperative ile ilitunza pesa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Wamama watatu, funguo tatu, nyumba tatu. Sanduku halikufunguka ila mbele ya wote. Kiisha usalama ukaharibika, watu wakaogopa sanduku litaibwa usiku au litabaki nyuma siku ya kukimbia, na sisi wa mradi, tuseme wazi, ni sisi tuliowashauri waweke pesa kwenye simu. Shauri lilikuwa zuri kwa wezi wa bunduki. Lakini hatukuwaza kwamba kufuli tatu zimekuwa namba ya siri moja, ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Kosa lile ni letu pia, na tuliliomba msamaha mbele ya wamemba.

Namna waliyotengeneza sasa ni hii, na tunaiona inafaa kwa koperative zote zinazotunza feza kwenye simu. Kadi ya SIM ya koperative haikai ndani ya simu ya mtu yeyote. Iko ndani ya bahasha, kwa mama prezida. Namba ya siri iko na tarakimu nne: mwandishi anajua mbili za kwanza, mama mmoja wa komite anajua mbili za mwisho, na kila mmoja anabonyeza zake wengine wakigeuka. Mtunza feza anatunza daftari, lakini hajui tarakimu hata moja. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada, SIM inawekwa katika simu, mesaji ya salio inasomwa kwa sauti, mtu yeyote anaweza kuja kuisoma kwa macho yake. Mwaka 2025 walibadilisha namba mara moja, wakati mwandishi alisafiri kwenda Mahagi.

Kuna pia sharti walilolikubali wenyewe, hatukuwapa sisi: memba akiletewa kazi ya simu inayoomba pesa ya kuingia, analeta ile mesaji kwenye mkutano na kuisoma mbele ya wote kabla ya kutuma chochote. Kati ya mwezi wa 4 na mwezi wa 6 mwaka 2025 zilisomwa mesaji tano. Ya tatu ilikuwa imetumwa kwa jina la shirika la misaada, ikiahidi mbegu na dola 50 kwa atakayelipa dola 5 za "faili". Tunarudia kwa wote: mradi hauombi pesa ya faili kwa simu.

Mtunza feza hakufukuzwa. Mkutano ulichukua saa nne, ulikuwa na makelele, na wengine walitaka apelekwe polisi. Mwishoni walikubaliana arudishe dola 310 kwa misimu minne, kwa maharage au kwa feza. Mwezi wa 6 mwaka 2025 alileta kilo 90, zimekauka vizuri. Tulipima sisi wenyewe, komite ikaandika dola 72. Zilibaki dola 238.